Diski Imekataa kwa Bibi? Njoo Tuongee

Futa machozi kwanza, mdogo wangu. Umechoma DVD ya harusi, kwenye kompyuta yako ikaonyesha vizuri, ukafunga safari mpaka kijijini. Watu wamejaa sebuleni, watoto wamekaa mkekani, deki ikaunguruma, ikatafuta weee, ikaitema. Mjomba naye akapata la kusema kuhusu vijana wa siku hizi. Najua ulivyojisikia. Hujarogwa, yanawakuta wengi.

Ila hebu niambie, uliuliza deki ya bibi ni ya aina gani? Hukuuliza, nakufahamu. Ulichukua faili la MP4 ukalinakili kwenye diski, basi. Kompyuta haichagui, lakini deki ya zamani inataka DVD ya video hasa, iliyotengenezwa kwa programu ya kazi hiyo, yenye folda ya VIDEO_TS ndani. Kwenye gari la shemeji ni yaleyale: redio kongwe haijui MP3, inataka CD ya muziki ya kawaida, dakika 80 mwisho. Ukiijazia nyimbo mia utanuna bure njia nzima.

Halafu kuna kufunga diski, na hapa nawagombeza wote. Programu ikiuliza kama diski ifungwe, mnabonyeza hapana, eti kesho mtaongeza picha. Kesho yenyewe haifiki, na deki nyingi hazisomi diski iliyoachwa wazi. Ifunge, mama! Kama umeshaiacha, usiitupe. Irudishe kwenye mashine uliyochomea, mara nyingi bado inafungika.

Dukani nako usiokote tu iliyo karibu na mkono. DVD-R ilitangulia, mwaka 1997, DVD+R ikaja 2002, kwa hiyo deki za zamani mara nyingi huelewana na ile ya kwanza. Zile RW za kufuta na kuandika tena hurudisha mwanga hafifu, na deki iliyochoka haizioni. Baki nazo kwa mambo yako ya nyumbani. Na haraka haraka haina baraka: hata kama diski imeandikwa 16x, choma kwa 8x, ukapike chai. Usibandike karatasi ya gundi juu yake, maana huifanya iyumbe ikizunguka. Andika kwa maka peni, yatosha.

Sasa mpigie bibi simu leo, asije akadhani deki yake ndiyo mbovu akamsumbua fundi. Choma nyingine, uende kwa jirani mwenye deki kuukuu, uiangalie mpaka mwisho. Nasema mpaka mwisho, si dakika mbili za maharusi kuingia ukumbini ukaridhika. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio hupenda kuganda. Ukiijaza, keki iko hukohuko, na keki ndiyo bibi anayoisubiri.