Bakuli la Mninga: Mwongozo kwa Mafundi Wakerezaji

Pasua gogo la mninga uone: kahawia ya dhahabu, michirizi myekundu, pengine na zambarau, na pembeni karibu na gome ukanda wa njano iliyopauka. Fundi anayekereza bakuli la pambo kutoka mti huu hahitaji kupaka rangi yoyote. Anahitaji kuchagua vizuri, kukausha kwa subira na kukata bila pupa. Mabakuli mengi huharibika kabla hata hayajafungwa kwenye mashine.

Mti upatikane kihalali

Mninga hukua polepole katika misitu ya miombo, Tabora, Katavi, Ruvuma na kwingineko. Nchini Tanzania uvunaji wake husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mvunaji lazima awe na leseni, na mzigo uwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Muuzaji asipokuwa na hati, usinunue, hata bei ikiwa nafuu namna gani. Novemba 2022, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kuuweka mninga wa Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa hudhibitiwa. Ukikusudia kuuza nje ya nchi, anzia ofisi ya TFS.

Ushauri wetu wa dhati ni kuanza na mabaki. Karakana za fanicha huchoma kila siku vipande vinavyotosha bakuli la karanga au sahani pana ya matunda. Usiudharau pia mwembe mzee uliokoma kuzaa. Gogo lake likiachwa kivulini kwa muda, fangasi huchora ndani yake mistari myeusi ya kupendeza. Lipasue kabla halijaanza kuoza.

Kupasua na kukausha

Pasua gogo katikati, ukipitia kwenye kiini, kisha ondoa kiini chenyewe. Nyufa huanzia hapo. Sasa amua mdomo wa bakuli utaelekea wapi, kwa sababu uamuzi huo ndio unaopanga rangi. Mdomo ukielekea upande wa gome, ule ukanda uliopauka hujitokeza pande mbili za ukingo zinazotazamana, na katikati hubaki wekundu. Kitako kikielekea gome, weupe hushuka chini na huenda usionekane kabisa. Sisi tunapenda mpango wa kwanza. Lakini sehemu hiyo iliyopauka hupendwa na bungua, basi ikague kwa makini.

Mti ukiwa mbichi, kereza umbo la awali na kuacha ukuta mnene, takriban sehemu ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 25 libaki na ukuta wa sentimita 2.5. Paka nta pale nyuzi zilipokatwa kichwani, kisha liweke kivulini penye hewa isiyo kali. Lipime uzito kila wiki na kuandika. Uzito ukiacha kupungua, limekauka. Mninga husinyaa kidogo kuliko miti mingi, na hiyo ni heri kwa fundi, ila usidanganyike ukalianika juani.

Kwenye mashine

Anza na mwendo wa chini. Kadiri kazi inavyokuwa pana, ndivyo mwendo unavyopaswa kupungua. Zungusha bakuli kwa mkono kwanza, uhakikishe haligusi chuma cha kuegemezea patasi. Nje, kata kutoka kitako kwenda mdomoni. Ndani, kata kutoka mdomoni kwenda katikati. Hapo patasi hulaza nyuzi badala ya kuzing'oa, na michirizi hutoka safi. Patasi butu huchana mti, na msasa hautarekebisha. Msasa wenyewe uende kwa hatua, namba 100, 150, 240 hadi 320, bila kukandamiza, maana joto hupasua ukuta mwembamba.

Usivae glovu, kanga wala mikono mipana ya shati karibu na mashine inayozunguka.

Vumbi la mninga huwasha pua na macho, na kwa baadhi ya mafundi huamsha pumu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Vaa barakoa ya vumbi inayobana vizuri, na kioo cha kukinga uso wote. Fungua madirisha, na usimruhusu mtoto kucheza kwenye maranda.

Malizia kwa nta ya nyuki au mafuta ya kitani yaliyopakwa kidogo kidogo. Ukiuza, mweleze mnunuzi kwamba bakuli hili ni la pambo na vitu vikavu, si la mchuzi. Lisilowekwe majini, wala lisikae dirishani, kwa kuwa jua hufifisha wekundu wake.