Somo la Kompyuta: Samba Inapoielemea Prosesa

Samba ni programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia, ikatolewa mwaka 1992. Huiwezesha kompyuta ya Linux kugawana mafaili na kompyuta za Windows. Prosesa ikielemewa, wengi wetu hukimbilia kuizima mashine. Tusifanye hivyo, kwani mwenzetu aliye katikati ya kuandika atapoteza kazi yake. Tufuate hatua hizi:

1. Tuandike top. Kila kompyuta iliyounganishwa ina smbd yake, basi tuandike kando namba ya ile inayokula prosesa.

2. Tuandike smbstatus, tuitafute namba ile. Tutajua ni ya mtumiaji gani, na amefungua mafaili gani.

3. Tutazame folda yake. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo, Linux hutofautisha. Faili lisipopatikana kwa jina lilivyoandikwa, Samba hupitia majina yote ya folda. Yakiwa maelfu, hapo ndipo inapochoka. Dawa ni kuyagawa katika folda ndogo ndogo, kwa mwaka au kwa darasa.

4. Tuangalie log level ndani ya smb.conf. Kiwango cha 10 ni cha watengenezaji wa programu. Kwa kazi za kila siku 1 inatosha. Tukibadilisha, tuhakikishe kwa testparm, kisha tuandike smbcontrol all reload-config. Mabadiliko yatasomwa bila ya kumkatia mtu kazi.

Zoezi: Kwa nini tunaanza na top kabla ya smbstatus?