Dondoo muhimu: Serumu kwa mgonjwa wa kipindupindu

Mwanafunzi wa uuguzi anayefanya mazoezi Birere, mtaa wa Goma uliobanana karibu na mpaka wa Rwanda, aanze na kipindupindu, ugonjwa ulioua maelfu ya wakimbizi kuzunguka Goma Julai 1994.

Aliyekaukiwa maji sana apewe Ringer lakteti. Glukozi 5% pekee haifai: haina chumvi anazopoteza. Jumla ni mililita 100 kwa kila kilo. Mwenye mwaka 1 na zaidi, 30 ziingie kwa nusu saa, 70 kwa saa mbili na nusu. Baada ya zile 30 shika mkono wake. Mshipa ukipiga kwa udhaifu bado, rudia mara moja. Wa chini ya mwaka: saa 1, kisha saa 5.

Matone? Mtoto wa kilo 10, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, awamu ya pili ni kama 93 kwa dakika. Ya mtu mzima hayahesabiki, usijisumbue. Bandika plasta kwenye chupa, andika saa na kiwango.

Mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake. Muulize mkubwa wako kwanza. Kope zikivimba au pumzi ikienda mbio, funga serumu, ita daktari. Akiweza kunywa, ORS ianze hata dripu ikiwa bado inatiririka.