Mdogo Wangu, Maneno ya Kimbwetani Yapime

Wadogo zangu mlioko vyuoni, leo kaeni kitako tuongee. Ujumbe mnaoniletea siku hizi unanipa mawazo. Mmoja anasema, "Dada, nimepangiwa somo na dokta fulani, kaka zangu wa mwaka wa pili wanasema hafai, nifanyeje?" Mwingine anasema nusu ya darasa lao wameacha kuhudhuria, eti imesemekana mhadhiri wao kasoma chuo kisichojulikana huko nje. Wa tatu ndiye aliyeniuma zaidi. Alipata sapu, yaani arudie mtihani, na kwa hasira akaandika kwenye grupu la darasa kwamba PhD ya mhadhiri wake ni ya kununua. Sasa halali. Hajui aombe radhi au anyamaze, na kila akipita mlango wa idara miguu inakuwa mizito.

Nawaelewa nyote. Umetoka sekondari, mahali ulipomjua mwalimu wako mpaka nyumbani kwake, leo unakaa ukumbini na watu mia tatu, na anayekufundisha hajui hata jina lako. Lazima utafute pa kushika. Unawauliza waliokutangulia: huyu anatoaje mtihani, anapenda nini, amesoma wapi? Kuuliza hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale unapochukua jibu la mwenzio ukalifanya macho yako. Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na mimi naona chuoni ndiko watu wanakozama sana kwa nyota za wenzao.

Mnajua jambo hili linavyokwenda. Jioni, kimbwetani, pale mnapokaa kujisomea, watu sita wamejikunyata, simu moja iko katikati. Ukurasa wa idara umefunguliwa. Kuna picha ya mhadhiri ya paspoti, na chini yake mistari minne: shahada ya kwanza, umahiri, uzamivu, eneo la utafiti. Mmoja anasoma kwa sauti, "Masta kachukua India." Wa pili anaguna. Kaguna tu, hajatamka neno! Kesho yake asubuhi ule mguno umeshapata maneno: "Wanasema masta yake ina walakini." Ikifika Ijumaa, mtu wa watu hana masta kabisa. Na wewe uliyekuwepo pale, uliyeona kwa macho yako kwamba kilichotokea ni mguno, unasikiliza na unatikisa kichwa. Kwa nini, mdogo wangu?

Utaniambia, dada, lisemwalo lipo. Ni kweli nchi yetu imeyaona. Mwaka 2017 ripoti ya uhakiki wa vyeti ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dodoma, ikataja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kwa hiyo sikulaumu ukiwa na wasiwasi. Lakini angalia yale yalivyofanyika. Vyeti vilipelekwa Baraza la Mitihani, vikalinganishwa na kumbukumbu zilizopo, ndipo watu wakatajwa. Mguno haukutosha. Hata shahada ya nje ina mahali pa kuipima: Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayotambua tuzo za vyuo vikuu vya nje. Kama una jambo la kweli, lenye ushahidi, lipeleke kwa mkuu wa idara au huko TCU. Kama huna, basi huna, na kusema "nimesikia tu" hakukuondolei dhima. Ukiliandika mtandaoni ndiyo kabisa, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa kosa kusambaza habari unayojua ni ya uongo. Ulimi hauna mfupa, lakini simu ina kumbukumbu.

Sasa hiyo mistari minne mnayoichungulia, mwajua kuisoma? Vyuo vikuu vyetu havimpandishi mtu hivi hivi. Anayebakizwa chuoni kuanza kufundisha, yule mnayemkuta kwenye semina akiwa na sura ya ujana, kwa kawaida ametoka na GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Akipata umahiri kwa alama nzuri anakuwa mhadhiri msaidizi. Akimaliza uzamivu anakuwa mhadhiri. Kutoka hapo mpaka mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kamili, ni machapisho, ufundishaji na miaka. Kwa hiyo unapomdharau "yule TA" kwa sababu hana udokta, unamdharau mtu aliyekuwa miongoni mwa wa juu darasani kwao. Na eneo la utafiti, ule mstari wa mwisho mnaouruka, ndio wenye faida kwako kuliko jina la nchi. Ndio unaokuambia ukitaka kuandika tasnifu yako umfuate nani.

Shahada, mdogo wangu, ni kama leseni ya udereva: inakuambia huyu alifunzwa akapimwa, haikuambii leo ataendeshaje. Hayo utayajua ukipanda.

Ngoja niwape mfano wa hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 1966 alifika chuoni Mlimani kijana kutoka Guyana, Walter Rodney, kuja kufundisha. Alikuwa na miaka 24, na PhD yake ya London alikuwa ameipata mwaka huo huo, kwa utafiti wa historia ya pwani ya Guinea huko Afrika Magharibi. Hebu muweke huyo kwenye simu ya kimbwetani. Rika moja na baadhi ya wanafunzi wake, hana mvi, utafiti wake ni wa huko mbali, wa karne zilizopita. Nadhani mguno ungesikika mpaka Ubungo. Mwaka 1968 alikwenda kufundisha Jamaica, na Oktoba mwaka huo serikali ya huko ikamzuia kuingia tena nchini. Hiyo nayo ingekuwa habari ya grupu: "Huyu si alifukuzwa?" Alirejea Dar 1969 akafundisha mpaka 1974, na akiwa hapa akaandika *How Europe Underdeveloped Africa*, kitabu kilichotoka 1972 kwa mchapishaji wa London pamoja na Tanzania Publishing House, na ambacho mpaka leo kinasomwa dunia nzima.

Lakini ninachotaka mkione hasa kimo kwenye dibaji ya kitabu hicho. Rodney anawashukuru Karim Hirji na Henry Mapolu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuusoma muswada wake na kuukosoa kwa nia ya kujenga. Hao walikuwa vijana waliosoma pale pale Mlimani, wahariri wa *Cheche*, jarida la wanafunzi. Mnaona? Mhadhiri mwenye PhD aliweka kazi yake mbele ya vijana wa chuo, na wao wakamwambia ukweli wao kwa hoja, na yeye akaona fahari kuwataja. Maoni ya mwanafunzi juu ya mwalimu wake yana thamani kubwa hivyo. Ndiyo maana roho inaniuma nikiona mnayatupa kwenye umbea.

Na msidhani kwamba wasifu mkubwa na ulimi mtamu havidanganyi watu. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa ya jaribio lao. Walimchukua mwigizaji, Michael Fox, wakamvisha jina la Dk. Myron Fox, wakamtungia wasifu wa kutisha, wakamsimamisha mbele ya wataalamu wa tiba ya akili, saikolojia na ustawi wa jamii atoe mhadhara kuhusu hisabati na elimu ya madaktari. Ndani ya mhadhara hamkuwa na kitu. Maneno yalijipinga yenyewe, lakini aliyasema kwa bashasha na vichekesho. Wasikilizaji, watu wazima wenye shahada zao, walimpa alama nzuri, na mmoja akadai amewahi kusoma machapisho yake! Machapisho ya mtu ambaye hakuwepo. Kama wao walichotwa, wewe wa mwaka wa kwanza usijione umeshindikana. Ila jifunze kujiuliza baada ya kipindi: nimecheka sana, sawa, nimeelewa nini? Madesa yangu yana nini? Yupo mhadhiri anayeongea taratibu, hana mbwembwe, mnamwita "usingizi", na ukifika mwaka wa tatu kwenye mafunzo kwa vitendo unagundua kila unachokijua kilitoka kwake.

Hapa niwashike sikio kidogo, hasa wadogo zangu wa kiume, ingawa wa kike nao wamo. Mhadhiri mwanaume akiwa mkali mnasema "jamaa ni kichwa." Mwanamke akiwa mkali vile vile, ana roho mbaya, ana msongo wa nyumbani, alipata nafasi kwa kujuana. Mnayasikia mnavyoyasema? Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walilijaribu hili kwenye somo la mtandaoni, matokeo yakatoka 2014. Wanafunzi hawakumwona anayefundisha, walijua jina tu. Kazi zao zilisahihishwa na kurudishwa kwa muda ule ule. Walipoulizwa nani anawahi kurudisha kazi, mwenye jina la kiume akapata 4.35 kati ya 5, mwenye jina la kike 3.55. Darasa lilikuwa dogo, lakini mimi sikushangaa hata kidogo, na sidhani kama mhadhiri yeyote mwanamke wa hapa kwetu angeshangaa. Kabla hujasema "yule mama hafai," mvalishe suruali kichwani mwako uone kama neno litabaki lile lile.

Nirudi kwa yule wa sapu, kwa sababu nyuma yake wamejipanga wengi. Mdogo wangu, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Inawezekana mtihani ulikuwa mgumu, inawezekana hata umeonewa. Kuonewa kuna njia yake: taratibu za chuo zinakuruhusu kukata rufaa ya matokeo, kazi yako ikasahihishwa upya. Lakini sapu yako na PhD yake ni mambo mawili. Ungepata A, ungeiuliza digrii yake ilitoka wapi? Nenda kaombe radhi. Andika kwenye grupu lile lile ulilomchafulia, kwamba ulisema bila ushahidi kwa hasira, kisha muone mwenyewe ofisini, ukitaka nenda na CR, kiongozi wa darasa lenu. Utatetemeka, ndiyo. Atakukaripia, huenda. Lakini utatoka pale umepumua, na utaingia kwenye sapu kichwa kikiwa chepesi. Ukinyamaza, utasoma miaka mitatu ukiwa unapita nyuma ya majengo.

Wala nisieleweke kwamba nawafunga midomo. Kuna maneno lazima yasemwe, tena mapema. Mhadhiri anayekudai mwili ili akupe alama, huyo hana ukali wala ugumu wa kueleweka, huyo ni mhalifu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kwa jina. Tunza ujumbe wake wote, usifute hata mmoja, mwambie mtu mzima unayemwamini, piga TAKUKURU 113, ni bure. Usiende kumaliza peke yako, na usione haya, haya ni yake. Nalisema hili kando makusudi, kwa sababu mkimwaga kila kitu kwenye kapu moja, "anabana maksi, kasoma nje, anasumbua wasichana", lile zito linapotea katikati ya mepesi na mwenzenu anayeteseka haaminiki.

Kwa yaliyobaki, chuo kimekupa fomu ya tathmini, na hapo ndipo nina ugomvi na nyinyi. Mwisho wa muhula mfumo unawataka mjaze ndipo mwone matokeo, na wengi mnabofya tano, tano, tano, tano, mkimbilie alama zenu. Au mnabofya moja kote kwa kisasi, na kwenye maoni mnaandika "HAFAI KABISA" kwa herufi kubwa. Mkuu wa idara afanye nini na hiyo? Mtu aliyeandika "slaidi zinakuja baada ya kipindi, tunaomba zije siku moja kabla" amesaidia. Aliyeandika "majaribio yote mawili yalirudishwa baada ya mtihani wa mwisho, hatukujua tulikosea wapi" amesema jambo ambalo mhadhiri hawezi kulikwepa. Na aliyeandika "alirudia mfano wa riba mara ya pili kwa mchoro, ndipo nikaelewa" naye amefanya la maana, kwa sababu mhadhiri naye ana moyo, na hajui kipi kilifika kama hamkumwambia.

Wewe wa ujumbe wa kwanza, uliyepangiwa dokta "asiyefaa": ingia darasani. Kaa mbele wiki tatu za mwanzo, chukua madesa kwa mkono wako, muulize swali moja hata kama sauti inatetemeka, umfuate ofisini saa alizotenga kuona wanafunzi. Akili za kuambiwa changanya na zako. Baada ya hapo ukiniambia hafundishi vizuri nitakusikiliza, maana utakuwa unaniambia ulichokiona. Na muhula ukiisha, fomu ikifunguka, usiijaze ukiwa umesimama foleni ya kantini. Tafuta dakika kumi, kaa chini, uandike ulichokiona, kibaya na kizuri.