Kaunti Ikikurudishia Ramani za Nyumba: Namna ya Kujibu

Anayetaka kujenga nyumba za kupangisha au mtaa mdogo wa makazi Merigi, huku Bomet Mashariki, hupeleka ramani zake kwa serikali ya kaunti, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 iliziachia kaunti kazi ya mipango na ujenzi. Baada ya muda hupokea barua yenye hoja. Wengi wakiisoma hudhani wamenyimwa kibali, na wengine huanza kumtafuta "mtu wa ndani". Barua hiyo ni maswali tu, na swali la ofisi hujibiwa kwa karatasi: mchoro, kipimo na sahihi.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaitaka kaunti isambaze nakala za ombi lako ndani ya siku 7 kwa idara zinazohusika, nazo zina siku 14 za kutoa maoni. Ndiyo maana barua moja hubeba sauti nyingi. Mtu wa barabara hana habari na choo chako, na wa afya hajali lango lako liko wapi. Jibu kila hoja kwa nambari yake, ukitaja ukurasa wa mchoro uliorekebishwa. Ukiruka moja, faili itarudi kwa sababu ya hiyo moja.

Anza na ardhi yenyewe. Shamba la chai ni ardhi ya kilimo, kwa hivyo kuligawa au kuliuza kunahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi la idhini lifike ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yafanyike. Kubadilisha matumizi kutoka kilimo hadi makazi ni ombi jingine, usiyachanganye. Na kama hati bado ina jina la babu aliyekwisha kufariki, weka ramani kando kwanza, ukamalize kesi ya urithi.

Hoja nzito kuliko zote ni maji. Merigi, kama sehemu nyingi za nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ni miteremko mitupu. Mvua inayoangukia majani ya chai hunywewa na udongo. Ukishafunika mahali hapo kwa mabati na saruji, maji yale yale humshukia jirani wa chini, yakachimba korongo katikati ya chai yake. Kuandika "maji ya mvua yatashughulikiwa ipasavyo" si jibu. Onyesha mteremko kwenye ramani, mtaro unaanzia wapi na kuishia wapi, matangi ya kukinga maji ya paa yana ujazo gani, na yakijaa yanamwagikia wapi.

Maji taka nayo yanataka hesabu, kwa sababu mashambani hakuna bomba la kuyabeba. Ukubwa wa tenki la maji taka utokane na idadi ya watakaoishi humo. Mhandisi atachimba shimo la majaribio, alijaze maji hadi udongo ulowe, kisha apime maji yanachukua dakika ngapi kushuka, na dakika hizo ziambatishwe kwenye jibu. Udongo unaonyonya upesi humfurahisha mjenzi, lakini uchafu nao unaweza kufika upesi kwenye chemchemi ya bondeni. Kisima na shimo la maji taka viachane angalau mita 30, na lori la kunyonya liwe na njia ya kulifikia tenki. Ploti ikipakana na mto, weka alama ya ukanda usiojengwa, ambao kanuni za maji huupima kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Nyangores na Amala huungana kuwa Mto Mara, kwa hivyo usitarajie Mamlaka ya Rasilimali za Maji ifumbe macho. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nayo itataka ripoti ya athari kwa mazingira kulingana na ukubwa wa mradi.

Barabara ya kuingilia ioneshwe kwa upana wake halisi. Lori la majani ya chai na lori la mchanga yakikutana kwenye njia nyembamba wakati wa mvua, hakuna litakalopita.

Majirani wasisahaulike. Sheria inakutaka uutangazie umma mradi wako, na mwenye pingamizi ana siku 14. Waite mapema, hata kwenye baraza la chifu, kisha uambatishe kumbukumbu zenye sahihi.

Ukinyimwa, sababu zitolewe kwa maandishi, nawe una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya kusikiliza migogoro ya mipango, na baadaye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Zikipita siku 60 bila jibu lolote la maandishi, sheria huhesabu kibali kimetolewa. Mimi nisingechimba msingi kwa kutegemea kimya hicho kabla ya kuandika barua na kupata muhuri wa kupokelewa. Anayejenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili.