Darsa: Nauli Iliyokwisha Lipwa na Mvua Iliyofunga Njia



Zamani msafiri alilipa nauli pale anapopanda chombo. Leo hulipa wiki nyingi kabla hajafunga mzigo: basi, boti na chumba cha kulala, vyote kwa simu. Faida yake yajulikana, kwani nafasi haikosekani. Lakini fedha zimekwisha toka mkononi, ilhali hajui mtu siku ile mbingu itakuwaje. Basi darsa yetu yauliza: hali ya hewa ikifunga njia, fedha zile ni za nani, na afanye nini mwenyewe asizipoteze?

Tuchukue mfano wa mtu wa Oltepesi anayekwenda Unguja na aila yake. Kwanza apande gari kwa barabara ya Magadi hadi Kiserian na Nairobi. Kisha basi limpitishe Kitengela, Kajiado, Namanga na Arusha hadi Dar es Salaam. Kisha boti, kisha chumba. Hizi si safari moja bali ni mikataba minne, na kila mkataba una mwenyewe. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea.

Haifichiki kwamba njia hii yaweza kukatika popote. Aprili 2024 mito ya Kenya ilifurika, na maji ya Mto Athi yakaingia majumbani mwa watu upande wa Athi River na Kitengela. Tarehe 4 Mei mwaka ule ule Kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Tanzania karibu na Mafia, na boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Huku kwetu Oltepesi haihitaji hata kimbunga: mvua ikinyesha milimani Ngong, makorongo ya bondeni huweza kujaa maji juani kweupe.

Ni nani aliyezuiwa?

Swali hili ndilo ufunguo wa mlango wote. Boti isipoondoka kwa sababu ya upepo, mwenye boti ndiye aliyeshindwa kutoa alichokiuza. Kukodi, kama walivyoeleza mafakihi katika mlango wa ijara, ni kununua manufaa; manufaa yakikosekana kabisa, hakuna kilichobaki cha kulipiwa, na asili ni fedha kumrudia mwenyewe. Hata mahakama ya juu ya Uingereza, ambayo sheria yake ya mikataba ndiyo msingi wa sheria ya Kenya, ilihukumu mwaka 1942 kwamba aliyelipa mapema na asipate chochote arudishiwe, isipokuwa kama mkataba wenyewe umesema vingine.

Ama korongo likijaa Oltepesi, na basi likaondoka Nairobi kwa saa yake, mwenye basi hana deni. Kiti kilikuwapo, mwenye kiti ndiye hakufika. Na hali ni hiyo hiyo kwa mwenye chumba cha Unguja: mlango wake u wazi na kitanda kimetandikwa. Akirudisha fedha, huo ni wema na masharti yake. Si haki ya kudaiwa kwa ukali.

Meli kubwa za matembezi zinazotia nanga Mombasa na Unguja zina jambo lao. Mikataba yao kwa desturi humpa nahodha ruhusa ya kuiacha bandari kwa ajili ya bahari chafu, bila ya kurudisha nauli. Aliyelipa ili aione Unguja peke yake na ajue kwamba hakuuziwa Unguja, ameuziwa safari ya meli.

Juu ya arbuni na bima

Arbuni ni fedha ya kushikia nafasi, ambayo mnunuzi akijitoa humpotea. Malik, Abu Hanifa na Shafi wameikataza, na Ahmad bin Hanbal ameiruhusu. Mwenye kuitoa aijue kwa jina lake, wala asidhani kuwa ni amana. Tena arbuni hupotea kwa mnunuzi kujitoa. Muuzaji akishindwa yeye, hana njia ya kuila.

Ama bima ya safari, yafaa tujue inavyofanya kazi kabla ya kuisifu au kuilaumu. Kwa kawaida hailipi tufani iliyokwisha tangazwa siku uliyoinunua, wala hailipi woga wa mtu aliyeghairi mwenyewe hali chombo kimeondoka. Kuhusu uhalali wake, Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikataa bima ya biashara mwaka 1985, likapendekeza ile ya kusaidiana, yaani takaful. Kampuni ya namna hiyo ilifunguliwa Nairobi mwaka 2011. Anayetaka na aulize: je, safari imo, na mvua imo?

Yatupasayo kutenda

La kwanza, tuulize kabla ya kulipa: chombo kisipoondoka, nitarudishiwa fedha au nitapewa siku nyingine? Na nisipofika mimi, je? Jibu liandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, ni juu ya kuandika madeni. Wala si ajabu kwa mwenye kujua watu husahau nini.

La pili, tulipe kwa namba ya kampuni, si kwa simu ya mkononi ya wakala. Ujumbe wa M-Pesa washuhudia kwamba fedha zimetoka, hausemi masharti.

La tatu, katika masika tuache siku moja tupu baina ya pingu na pingu ya mnyororo huu. Gharama ya kulala usiku mmoja Nairobi ni ndogo kuliko tikiti tano zilizopotea.

La nne, tusome utabiri wa hali ya hewa, nao wa nchi zote mbili. Tukiona dalili mbaya tutoe habari mapema; anayeomba kubadilishiwa siku kabla ya safari husikilizwa kuliko anayelalamika baada yake.

La tano, njia ikifungwa tuchukue ushahidi: tangazo, picha, risiti. Wala tusiongeze uongo juu yake. Na wakala aliyeko kwetu aliyekusanya nauli za watu, kisha akarudishiwa na kampuni, azifikishe zote kwa wenyewe.

La sita ni kubwa kuliko yote. Tarehe 4 Disemba 2021 basi lililochukua watu wa harusi lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Hatusemi ni nini kilichowaharakisha. Twasema tu kwamba mtu asimameye ukingoni, na tikiti mfukoni, asiihesabu tikiti ile katika shauri lake. Nauli hulipwa tena, roho hailipwi.

Maswali ya kujadiliana: Chumba kilicholipiwa kikipangishwa mtu mwingine usiku ule ule, mwenye chumba ale nauli mbili? Na boti iliyorudi nusu ya njia, yastahili nusu ya nauli au haistahili kitu?