Somo la wiki: Twende sokoni

Wazazi, tunaomba msome somo hili pamoja na watoto.

Majirani zetu wengi hapa Lackawanna asili yao ni Yemen. Huko, mji mkongwe wa Sana'a ulizungushiwa ukuta. Ukipita lango la Bab al-Yaman, unaingia katika soko la kale liitwalo Suq al-Milh, yaani Soko la Chumvi. Zanzibar nako kuna soko maarufu, Darajani, lililojengwa mwaka 1904 ukingoni mwa Mji Mkongwe. Hapo zamani palikuwa na daraja la kuvukia mkono wa bahari kwenda Ng'ambo. Daraja limeondoka, jina limebaki.

Masoko haya mawili yana undugu wa maneno. Soko, duka, bei, ghali, rahisi, mizani, faida na hasara: yote yametoka katika Kiarabu, yakaletwa pwani na wafanyabiashara waliokuja kwa majahazi.

Lakini kujua maneno hakutoshi. Sokoni kwetu, bei huja baada ya salamu. Someni kwa sauti, wawili wawili:

Mtoto: Shikamoo, mama.
Muuzaji: Marahaba, mwanangu. Karibu.
Mtoto: Ahsante. Fungu la embe bei gani?
Muuzaji: Elfu tatu tu.
Mtoto: Ghali, mama. Nipunguzie kidogo.
Muuzaji: Una ngapi?
Mtoto: Elfu mbili.
Muuzaji: Haya, lete elfu mbili na mia tano, nikutilie na nyongeza.
Mtoto: Ahsante, mama. Biashara njema.

Angalieni: mtoto hakusema "nataka embe". Ameamkia kwanza, na alipoomba kupunguziwa aliomba kwa heshima. Kuna watoto wetu wanaokwenda likizo nyumbani, wakifika sokoni wananyoosha kidole tu, na shangazi ndiye anayewasemea. Embe watazipata, lakini mazungumzo yatawapita.

Zoezi la nyumbani

1. Pangeni matunda mezani kwa mafungu. Mtoto anunue, mzazi auze, kisha mbadilishane. Asiyeamkia hauziwi!
2. Kibaba na pishi ni vipimo vya zamani vya nafaka. Vibaba vinne ni pishi moja. Waulizeni bibi na babu kwa simu: wao walipimiwaje mchele?
3. Elezeni maana ya methali hii: Haba na haba hujaza kibaba.

Jumamosi tutafungua soko letu darasani. Njooni na vikapu.